ZIBA UFA LEO, USIJENGE UKUTA KESHO

Kilomita chache kutoka mjini Tabora kuna mahali paitwapo Kwihara. Hapo ipo nyumba moja ya udongo. Haina ghorofa wala mapambo mengi. Lakini watu hutoka nchi za mbali kuja kuiona.

Mwaka 1871 msafiri aitwaye Stanley alikaa katika nyumba hiyo. Mwaka 1872 alikaa humo Dakta Livingstone, kuanzia mwezi wa Februari mpaka mwezi wa Agosti. Kutoka hapo alianza safari yake ya mwisho. Nyumba hiyo ilikwisha kujengwa kabla hawajafika. Kwa hiyo umri wake ni zaidi ya miaka 150.

Siku zile Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi walitoka Bagamoyo kwa miguu, mizigo mabegani. Walitembea karibu miezi 3 au zaidi mpaka wakafika Tabora. Wengine waliendelea mpaka Ujiji, na wengine walivuka ziwa kwenda Kongo. Wafanyabiashara walijenga Tabora na Kwihara nyumba nyingi za tembe. Tembe ni nyumba yenye kuta nene za udongo. Paa lake ni bapa, nalo ni la miti iliyofunikwa udongo.

Leo tembe nyingi za wakati ule hazipo tena. Paa lilivuja, kuta zikalowa, zikaanguka. Udongo ukarudi kuwa udongo.

Je, kwa nini nyumba ya Kwihara ipo mpaka leo? Je, ilijengwa kwa udongo wa ajabu? Hapana. Nayo iliharibika. Lakini katika miaka ya 1950 ilikarabatiwa, ikawa nyumba ya makumbusho. Ilipata watu wa kuitunza.

Ndugu msomaji, hilo ndilo somo letu la leo. Nyumba yako pia inaweza kuishi miaka mingi, hata kama ni ya udongo na nyasi. Lakini haiwezi kujitunza yenyewe. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

UFA MMOJA UNA GHARAMA GANI?

Tuchukue mfano wa familia moja. Familia hii ina nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba 3. Mwezi wa Juni mama anaona ufa katika chumba cha watoto. Ufa umeanzia chini, karibu na msingi. Ni mwembamba kama jani la nyasi.

Mama anamwambia mumewe, "Baba watoto, ukuta huu una ufa."

Baba anajibu, "Ni ufa mdogo tu, mama. Tumalize kwanza kuuza tumbaku."

Tumbaku inauzwa. Ufa unabaki. Mwezi wa Novemba mvua zinaanza. Maji ya paa yanadondoka karibu na ukuta, yanachimba mtaro, na yanaingia chini ya msingi. Mwezi wa Desemba ufa umefika dirishani, na mkono wa mtoto unaweza kuingia. Jioni moja ya mvua kubwa mama anasikia vipande vya udongo vikianguka. Anawaamsha watoto na kuwahamishia chumba kingine. Usiku wa manane ukuta unaanguka juu ya kitanda. Hakuna aliyeumia, kwa sababu kitanda kilikuwa kitupu.

Sasa tufanye hesabu. Mwezi wa Juni ufa ule ungezibwa kwa ndoo chache za udongo na kazi ya nusu siku. Ukuta mzima ni jambo jingine. Ukuta wenye urefu wa meta 4 na kimo cha meta 2 na nusu unahitaji matofali karibu 200, ikiwa kila tofali lina urefu wa sentimeta 30 na kimo cha sentimeta 15. Matofali hayo lazima yafyatuliwe, yakauke, yabebwe, na yajengwe. Tena lazima yafanywe wakati wa mvua, ambapo hayakauki vizuri, na wakati huo huo shamba linataka jembe.

Na kuna gharama ambayo haihesabiki kwa matofali. Kama mama asingesikia ule udongo unaoanguka, familia hii ingezika.

ANDIKA TAREHE UKUTANI

Kuna nyufa za aina mbili. Ufa wa kwanza ni ule wa juu juu. Huu hutokea lipu ya udongo inapokauka. Hauna hatari kubwa. Ufa wa pili ni ule unaopita ukuta mzima, kutoka ndani mpaka nje. Huu ni dalili kwamba msingi unashuka au ukuta unasogea.

Utajuaje kama ukuta unasogea? Hapa elimu ya kusoma na kuandika inakusaidia. Chukua udongo laini uliokandwa. Bandika kipande kimoja juu ya ufa, kama plasta ya kidonda. Kikikauka bila kupasuka, chukua mkaa na uandike kando yake tarehe ya siku hiyo. Kila juma kitazame. Kama baada ya miezi 2 kipande bado ni kizima, ukuta umetulia. Ziba ufa. Kama kipande kimepasuka, ukuta unatembea. Mwite fundi autazame msingi. Na ukiona ukuta umeinama, usilaze mtu karibu nao hata usiku mmoja.

Watu wengi huziba ufa kwa kupaka udongo juu yake tu. Hiyo ni kazi ya kuficha. Ziba hivi:

1. Kwangua ufa kwa kisu au panga mpaka udongo wote uliolegea utoke.
2. Nyunyizia maji ndani ya ufa ili udongo mpya ushikane na wa zamani.
3. Changanya udongo wa kichuguu na nyasi zilizokatwa vipande vifupi. Kanda kwa miguu mpaka uwe kama ugali mgumu.
4. Sukumiza udongo huo ndani kabisa kwa kijiti. Kama ufa ni mpana, tia na vijiwe.
5. Acha ukauke. Ukipasuka kidogo, rudia.
6. Mwisho siriba ukuta wote uwe laini.

ADUI WA KWANZA NI MAJI

Nyumba ya udongo inahitaji kofia nzuri na viatu vizuri. Kofia ni paa. Viatu ni msingi.

Paa litokeze nje ya ukuta kiasi cha sentimeta 60 au zaidi, ili maji yadondoke mbali. Paa la nyasi lisiwe bapa. Likiwa bapa maji hukaa, nyasi huoza, na kuvuja huanza. Paa la bati nalo lina adui wake, yaani upepo. Pepo kali za mvua za kwanza huingia chini ya bati na kuling'oa. Funga kenchi kwenye ukuta kwa waya imara ulioshuka chini ndani ya matofali. Kuweka mawe juu ya bati si dawa, kwani upepo mkali huweza kuyaangusha pamoja na bati.

Sasa tutazame chini. Msingi wa mawe au matofali ya kuchoma uinuke juu ya ardhi, hata sentimeta 30, ili matone yanayoruka kutoka chini yasile ukuta. Ardhi iliyozunguka nyumba iteremke kwenda nje. Chimba mfereji wa kuondoa maji, na uusafishe kila mwaka.

Tena kuna kosa moja linaloonekana katika vijiji vingi. Watu huchimba udongo wa matofali kando kando ya nyumba yenyewe. Shimo linabaki wazi. Mvua ikinyesha linakuwa bwawa. Maji hulegeza msingi, mbu huzaliana, na mtoto mdogo anaweza kutumbukia na kufa. Chimba udongo mbali na nyumba, na ukimaliza fukia shimo.

PAPASI WA NJIA YA MISAFARA

Ufa hauleti maji peke yake. Ufa ni nyumba ya papasi.

Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, humnyonya damu mtu aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Asubuhi humwoni. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula, akimngojea mtu.

Mdudu huyu huambukiza homa ya papasi. Mgonjwa hupata homa kali, kichwa humuuma na mwili humchoka. Baada ya siku chache homa hupoa, naye hudhani amepona. Baada ya kama juma moja homa hurudi tena. Homa hii ni hatari sana kwa mama mjamzito na mtoto mchanga. Inaweza kuharibu mimba, na inaweza kuua.

Njia ya misafara ilimjua sana papasi. Wapagazi walilala katika vibanda vile vile, msafara baada ya msafara. Papasi alipata chakula kila usiku. Tena alisafiri ndani ya mikeka na mizigo. Mwaka 1905 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alichunguza ugonjwa huu katika nchi yetu. Aliwakuta papasi katika mahali walipolala wasafiri kwenye njia za misafara. Mwaka huo huo daktari wa Kiingereza, Joseph Dutton, alikuwa Kongo akiuchunguza ugonjwa huo huo. Ulimpata yeye mwenyewe. Alifariki mwezi wa Februari 1905 katika mji wa Kasongo, mji ambao nao ulikuwa wa misafara.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu ikaisha. Lakini papasi hakupanda gari moshi kuondoka. Palipo na ukuta wenye nyufa na sakafu ya vumbi, anaweza kuwapo. Mahali ambapo nyumba zimekuwa bora, ugonjwa huu umepungua sana.

Je, tumfukuze vipi? Silaha zetu ni hizi. Ziba nyufa zote na usiribe kuta ziwe laini. Shindilia sakafu kwa udongo wa kichuguu, au weka saruji ukiweza. Fagia kila siku, hata chini ya kitanda na nyuma ya magunia. Usilale chini. Lala kitandani, na kitanda kisiguse ukuta. Tumia chandarua chenye dawa, na uchomeke pindo zake chini ya godoro. Hapo utakuwa umejikinga na mbu pia.

Mtu akipata homa, aende zahanati mapema akapimwe damu. Homa ya papasi inafanana na malaria mwanzoni, lakini dawa zake ni tofauti. Kama homa inapoa na kurudi, mwambie mganga wa zahanati hivyo. Mwambie pia kama nyumbani kuna papasi.

MCHWA HAPIGI HODI

Adui mwingine ni mchwa. Huyu hula nyumba kutoka ndani. Unaona boriti nzima kwa nje, kumbe ndani imebaki ganda. Siku moja paa linashuka.

Lakini mchwa huacha alama. Hujenga njia ya udongo, nyembamba kama kamba, kutoka ardhini kupanda ukutani. Ukiiona, ibomoe siku hiyo hiyo. Kesho tazama tena. Ikijengwa upya, fuata inakotoka, uchimbe. Kichuguu kilicho karibu na nyumba kichimbwe mpaka malkia apatikane. Malkia akibaki, kazi yako ni bure.

Usirundike kuni ukutani. Hayo ni kumwalika mchwa karamuni, na nyoka na panya watakuja pia. Kuni zikae mbali, juu ya vigingi. Na unapojenga, chagua mti mgumu kwa nguzo na fremu za mlango. Misitu ya Tabora ina mninga, mti ambao mchwa haupendi. Lakini mninga si mali ya kukata ovyo. Fuata sheria ya misitu, na panda miti mingine ya kujengea.

Gonga boriti zako kwa fimbo mara moja kila mwaka. Boriti nzima hulia kwa sauti kavu. Boriti iliyoliwa hulia kama mtungi mtupu.

MOTO HAUHITAJI VITA

Mwezi wa Agosti 1871 askari wa Mtemi Mirambo waliingia Tabora, na sehemu ya mji ikateketea kwa moto. Stanley alikuwa Kwihara. Alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za nyumba yake, akingoja kushambuliwa. Hiyo ilikuwa vita.

Siku hizi moto hauhitaji vita. Kibatari kimoja kinatosha.

Mwezi wa Agosti na Septemba nyasi za paa ni kavu kama karatasi. Watu wanachoma mashamba, na upepo unavuma. Kwa hiyo fyeka na upalilie kuzunguka nyumba, upana wa hatua 10 au zaidi. Fanya hivyo mapema, nyasi zinapoanza kukauka. Usichome shamba peke yako, wala wakati wa upepo. Waarifu jirani zako kwanza.

Jiko lijengwe kando ya nyumba ya kulala. Kibatari kisiwekwe karibu na chandarua au paa. Usiongeze mafuta ya taa wakati kibatari kinawaka. Viberiti vikae mahali ambapo mtoto hafiki. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda, maana mtoto ataona ni soda.

Jambo jingine ni jiko la mkaa. Wakati wa baridi wapo watu wanaoliingiza chumbani na kufunga mlango na madirisha ili wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Watu hulala wasiamke. Usilale na jiko la mkaa ndani ya nyumba, hata kama makaa yanaonekana yamefifia.

Na moto ukitokea, toa watu kwanza. Sanduku linanunuliwa tena. Aliyekwisha toka asirudi ndani.

KALENDA YA NYUMBA

Mkulima ana kalenda ya shamba. Awe pia na kalenda ya nyumba. Kwa nchi ya Tabora, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba mpaka Aprili, kalenda inaweza kuwa hivi:

Mei na Juni: Zunguka nyumba yote. Tazama mvua zimeharibu nini. Weka alama na tarehe kwenye nyufa. Kata nyasi za kuezekea. Fyeka kuzunguka nyumba.

Julai na Agosti: Fyatua matofali. Ziba nyufa. Mkisha uza mazao, tenga fedha za misumari, waya na bati kabla fedha hazijapata kazi nyingine.

Septemba na Oktoba: Rekebisha paa. Siriba kuta. Zibua mifereji. Gonga boriti. Kazi yote iwe imekwisha kabla ya mvua.

Novemba mpaka Aprili: Baada ya kila mvua kubwa, tazama dari, kona za nyumba na msingi. Maji yaliyotuama yaondolewe siku hiyo hiyo.

KAZI HII NI YA NANI?

Katika nyumba nyingi husemwa kwamba paa ni kazi ya baba, na kusiriba ni kazi ya mama. Matokeo yake kila mmoja humngoja mwenzake. Katika mfano wetu mama aliuona ufa mapema. Tatizo halikuwa udongo wala fedha. Tatizo ni kwamba neno lake halikusikilizwa. Wenye nyumba wakae pamoja mara moja kila mwaka, baada ya mavuno, wazungumze habari za nyumba yao. Watoto nao waulizwe. Wao ndio wanaojua papasi anauma katika chumba kipi na paa linavuja juu ya mkeka wa nani.

Wapo pia wazee na wajane wasioweza kupanda paani. Nyumba zao zikianguka, aibu ni ya kijiji kizima. Hapa tunaweza kujifunza kutoka nchi ya Mali, huko Afrika ya Magharibi. Katika mji wa Djenné upo msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa mwaka 1907. Msikiti huo husiribwa upya kila mwaka, na kazi hiyo hufanywa na mji mzima. Vijana hukanda udongo, wanawake huleta maji, na mafundi husimamia. Siku hiyo ni sikukuu. Msikiti wa udongo umepita miaka 100 kwa njia hiyo.

Sisi nasi tunaijua kazi ya pamoja. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wa nchi yetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kikundi cha watu 10 kinaweza kusiriba nyumba ya mzee mmoja kwa siku chache.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma gazeti hili, usilikunje kwanza. Inuka uzunguke nyumba yako mara moja, taratibu, ukitazama kutoka msingi mpaka paani. Ukikuta ufa, chukua udongo na mkaa. Andika tarehe ya leo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tembe nyingi za zamani zimeanguka, na nyumba ya Kwihara ipo?
2. Utajuaje kama ukuta wenye ufa unasogea?
3. Taja njia 4 za kumfukuza papasi.
4. Katika kijiji chenu, nani anaishi katika nyumba mbovu na hawezi kuitengeneza mwenyewe? Mtamsaidia lini?